Kodilesi kwa nyumba ya mama pale Forest: tununue au tuache?

#1 MwanaLoleza

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijapeleka hela kichwa kichwa.

Mama yangu ana miaka 76, anaishi Mbeya mjini, Forest, kwenye nyumba aliyoiacha mzee. Mzee alikuwa mtu wa reli ya TAZARA, na simu ya mezani iliingia mle ndani sisi tukiwa shule ya msingi. Namba yake ya 025 ndiyo inayojulikana na ukoo mzima, kuanzia Tukuyu mpaka Kyela. Msiba ukitokea, simu ile ndiyo inalia kwanza. Ipo sebuleni juu ya kimeza chenye kitambaa cha kufuma, pembeni ya picha ya mzee, na hakuna anayethubutu kuihamisha.

Shida ni kwamba maisha ya mama yote yako nyuma ya nyumba. Jiko la nje, kuku, tuta la chainizi. Simu ikilia anatoka mbio, na pale barazani kuna ngazi tatu za saruji. Mwezi wa nne siku ya mvua aliteleza hapo. Hakuvunjika, Mungu mkubwa, ila goti lilivimba wiki mbili. Alipofika sebuleni simu ikawa imeshakata. Na aliyekuwa anapiga ni mimi, nataka kumuuliza kama amekula.

Kaka yangu anasema ile simu itolewe, mama ana kitochi, inatosha. Dada anasema tununue kodilesi, yaani ile ya mezani yenye kitako kinachochomekwa kwenye laini na umeme, halafu mkono wake hauna waya, unatembea nao. Mimi niko katikati. Kitochi anacho, lakini kinaishi kwenye droo kimezimika. Na alishatumiwa zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", akatuma kweli akidhani ni mjukuu. Tangu siku hiyo anakiangalia kitochi kama nyoka.

Kwa mnaotumia kodilesi nyumbani au mliowahi kutumia: uzuri wake nini na ubaya wake nini? Tafadhali msiniambie ninunue simu janja, hilo tulishajaribu.

#2 Kihesa_Bondeni

Nunua simu janja.

#3 Kihesa_Bondeni

Natania mkuu. Pole ya mama. Nimekaa hapa nasubiri wajuzi, nina kisa cha kodilesi cha Iringa nitakileta nikitoka kazini.

#4 ParachichiLaNjombe

Sisi nyumbani Njombe tunayo, huu mwaka wa tatu, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Uzuri wa kwanza ni baridi. Usicheke. Mwezi wa sita na wa saba saa moja asubuhi huwezi kumtoa bibi kwenye blanketi aende sebuleni kushika simu. Mkono unakaa kwenye stuli kando ya kitanda, anaongea amejifunika mpaka puani.

Uzuri wa pili sikuutegemea. Yetu ina mikono miwili kwenye kitako kimoja, mmoja chumbani kwa bibi, mwingine jikoni kwa dada wa kazi. Bibi akibonyeza kitufe anaongea na jikoni moja kwa moja, haipiti kwenye laini ya nje wala hailipiwi. "Leta uji." "Funga mlango wa kuku." Zamani alikuwa anagonga ukuta kwa bakora, ukuta una alama mpaka leo.

Ubaya: mkono usiporudishwa kwenye kitako, betri inaisha. Bibi akimaliza kuongea anausukuma chini ya mto. Kesho chini ya mto. Keshokutwa tunapiga, mkono kimya. Kwa hiyo usidhani ile shida ya kitochi kwenye droo imekwisha, imehamia chini ya mto tu. Kwetu dawa yake ikawa kumpa dada wa kazi jukumu moja: akienda kufunga mapazia jioni, mkono urudi kwenye kitako.

#5 UyoleJuu

Mkuu nyumba ya mama imejengwa kwa tofali gani, na za kulaza au za kusimamisha?

#6 MwanaLoleza

Za kuchoma, za kulaza. Nyumba ya zamani ile, ukuta mnene kama ngome.

#7 UyoleJuu

Basi hapo ndipo penye kesi. Kwenye boksi huwa wameandika mita 50 ndani na mita 300 nje. Hiyo 300 ni katikati ya uwanja wa Sokoine siku ambayo hakuna mechi. Mimi niko Uyole, tofali za kulaza kama zenu, kitako nilikiweka sebuleni nyuma ya televisheni. Nikitoka nje nikipita tangi la maji, sauti inaanza kukatikakatika, nikienda hatua mbili zaidi mkono unatoa mlio wa kulalamika halafu kimya. Mtu wa upande wa pili anasema "haloo, haloo" na mimi namwona kuku tu.

Nilichofanya: nilikitoa kitako nyuma ya televisheni, nikakipandisha juu ya kabati karibu na dirisha linaloangalia nyuma. Kioo cha dirisha kinapitisha mawimbi vizuri kuliko ukuta. Sasa nafika mpaka kwenye migomba. Lakini tangi na bati la banda bado ni adui. Kabla ya kununua, simama pale kwenye soketi ya simu, hesabu hatua mpaka banda la kuku, na hesabu kuta zilizo katikati. Ukuta mmoja na dirisha, nunua. Kuta tatu, fikiria tena.

#8 Mdadisi_wa_Vwawa

Na mionzi je? Mnampa mama wa miaka 76 mtambo wa mawimbi alale nao kichwani? Hamuogopi?

#9 FundiMstaafu

Habari zenu vijana. Nimefanya kazi ya laini za simu miaka mingi, nguzo za ukanda huu nyingi nazijua kwa kuzipanda. Leo nina nafasi, nitaandika kirefu.

Kwanza tofautisheni vitu viwili ambavyo madukani wanavichanganya. Kuna simu yenye umbo la simu ya mezani lakini ndani unaweka laini ya simu ya mkononi, inasoma mnara, unaisajili kwa alama za vidole kama kitochi. Hiyo si kodilesi, na namba yako ya 025 haitakuwemo. Kodilesi ya kweli ina tundu la waya wa simu nyuma ya kitako. Tundu likikosekana, rudisha. Nimeona mzee mmoja amenunua ya kwanza akidhani ni ya pili, akarudi nyumbani anatafuta pa kuchomeka.

Pili, jambo kubwa kuliko yote, na hakuna aliyeligusa: umeme ukikatika, kodilesi inakufa. Ile simu ya waya ya mzee haichomekwi ukutani kwenye umeme, mmewahi kujiuliza inalia kwa nguvu gani? Inakula umeme wa laini yenyewe, volti 48 za mkondo mnyoofu zinazotoka kwenye mabetri ya kituo cha simu. Mtaa mzima ukiwa giza, simu ile inalia. Kengele ikilia volti hupanda mpaka kama 90, na mkondo unakuwa geu. Ukishika nyaya zile mbili wazi wakati mtu anapiga, utaruka. Kodilesi haiwezi kuishi kwa umeme huo, kitako chake kinahitaji adapta. Mkono una betri, ndiyo, lakini mkono bila kitako ni kijiko tu.

Kwa mtu mzima anayeishi mwenyewe, saa ya giza ndiyo saa ya kuhitaji simu. Kwa hiyo ushauri wangu si kodilesi au simu ya waya. Nunua kigawa laini, kidude kidogo cha matundu mawili, kinauzwa bei ya soda chache. Tundu moja simu ya mzee ibaki palepale kwenye kitambaa chake, tundu la pili kodilesi. Zote zitalia pamoja.

Tatu, kijana wa Vwawa. Kodilesi za DECT, yaani hizi za kidijitali za siku hizi, nguvu yake ya juu kabisa ni miliwati 250, na kwa wastani wakati wa kuongea ni kama miliwati 10, kwa sababu hutuma kwa vipande vifupi. Simu ya mkononi ya GSM, kama kitochi, kwenye masafa ya megahezi 900 inaruhusiwa kupanda mpaka wati 2. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, mwaka 2011 liliyaweka mawimbi ya redio ya aina hii kwenye kundi la 2B, maana yake huenda yakasababisha saratani, ushahidi haujatosha. Hilo ni kwa simu zote, na kitochi kimo. Mwenye hofu aweke kitako mbali na mto, mkono aongee kwa spika.

#10 ParachichiLaNjombe

Shikamoo mzee. Hapo kwenye "mkono bila kitako ni kijiko" nimecheka peke yangu kwenye daladala.

#11 FundiMstaafu

Marahaba.

#12 Ndaga_Fijo

Mimi ni wa Tukuyu na nataka kumpinga mzee kidogo, kwa heshima.

Mzee anasema umeme ukikatika simu ya waya ndiyo mkombozi. Kwetu Rungwe umeme mara nyingi unakatika wakati gani? Wakati wa radi. Na wakati wa radi, simu ya waya ndiyo kitu cha mwisho ninachotaka mama yangu aweke sikioni. Waya ule unatoka nguzo hadi nguzo, unapita juu ya migomba na chai, radi ikipiga hata mbali unaileta mpaka sebuleni. Mwaka juzi kwa shangazi waya uliacha mstari mweusi ukutani, kuanzia soketi mpaka kwenye fremu ya mlango, kama mtu aliyechora na makaa. Bahati shangazi alikuwa ameshika kodilesi. Kitako kiliungua, plastiki ikajikunja kama chapati, lakini yeye alikuwa amekaa kitandani na mkono hauna waya. Alisikia "pa!" halafu kimya. Angekuwa kwenye ile ya waya leo tungekuwa na hadithi nyingine.

Kwa hiyo kwa mvua za huku, kodilesi ni salama zaidi kwa mtu, hata kama si salama kwa mfuko.

#13 FundiMstaafu

Ndaga fijo. Hapo umenishika na sina ubishi. Wakati wa ngurumo usishike simu ya waya, acha ilie. Mkono wa kodilesi unaweza kuushika. Ila kitako kina njia mbili za kupigwa, ya laini na ya umeme, kwa hiyo ukitaka kukiokoa, mvua ikianza kunguruma chomoa vyote viwili. Ndipo unabaki huna simu kabisa, lakini uko hai.

Kwa hiyo giza bila radi, ya waya. Radi bila giza, ya kodilesi. Radi na giza pamoja, kaa ule karanga.

#14 Kihesa_Bondeni

Nimerudi, na kisa changu. Hiki ni cha miaka ya tisini, Gangilonga, Iringa. Kodilesi za wakati ule zilikuwa za analogi, zina antena ya kuvuta kama ya redio, na chaneli zake chache. Baba mdogo alikuwa nayo, akijivunia, anatembea nayo uani akiongea kwa sauti ili majirani waone. Jirani wa pili naye akanunua. Hakuna aliyejua kwamba zote mbili zimeangukia chaneli moja.

Sasa nyumba ya jirani walikuwa wanaozesha binti. Jioni moja baba mdogo anainua mkono apige Makambako, anasikia sauti za watu. Mama wa binti anaongea na mjomba wake: wakija tuanze na ng'ombe kumi, wakilia tushuke mpaka sita, chini ya sita tusikubali. Baba mdogo akakaa chini. Na mnajua posa ile ilikuwa inatoka wapi? Kwa rafiki yake kipenzi wa kazini. Sitasema zaidi. Ila siku ya mazungumzo upande wa bwana harusi walianza na sita, wakakaa hapohapo kama mwamba, na wazee wa binti wakaondoka wakisema huyu mshenga ni mganga.

#15 UyoleJuu

Hahahaha. Kamwene! Na ndoa ipo?

#16 Kihesa_Bondeni

Ipo, wana wajukuu. Baba mdogo hakuwahi kukiri mpaka alipostaafu.

#17 FundiMstaafu

Hicho kisa nakiamini kabisa. Za analogi zile za megahezi 46 na 49 mtu mwenye redio ya kutafutia masafa alikuwa anasikia mazungumzo yako yote. Na kulikuwa na baya zaidi: za mwanzo hazikuwa na namba ya siri kati ya mkono na kitako, kwa hiyo jirani angeweza kuinua mkono wake akapata mlio wa laini yako, akapiga simu kwa hela yako.

DECT, iliyoanza Ulaya miaka ya 1990, imeondoa hayo kwa sehemu kubwa. Ni ya kidijitali, mkono na kitako vinatambuana kabla ya kuanza kazi, na mazungumzo yanafichwa. Ukiikuta dukani au kwa mtu anauza ya mtumba yenye antena ndefu ya kuvuta, mwachie.

#18 Ipogolo_Stendi

Niongeze tahadhari moja iliyonigharimu. Shemeji alinitumia kodilesi kutoka Marekani, boksi zuri, mikono mitatu. Nikafungua kwa furaha, nikatafuta kibadilisha plagi, nikachomeka. Adapta ilikaa kama sekunde nne. Kwanza harufu, kama samaki aliyeungua, kisha kamoshi kembamba kikatoka pembeni kwenye mshono wa plastiki, kisha tik. Mke wangu aliuliza "ndiyo inawaka hivyo?" Adapta imeandikwa volti 120, ukutani kwetu ni 230. Maandishi madogo kama sisimizi, nikayasoma baada ya msiba.

Nikanunua adapta nyingine ya volti zilezile za kutoa, ikawaka. Nikafurahi. Sasa mzee Fundi niambie, kwa nini jirani yangu akawa ananuna kwamba intaneti ya simu yake inasuasua nikiwa naongea?

#19 FundiMstaafu

Kwenye boksi imeandikwa DECT 6.0, au siyo? Hiyo ni ya Marekani. Hiyo 6.0 si toleo jipya kuliko DECT ya kawaida kama wengi wanavyodhani, ni jina la kibiashara. Ya kwao inatumia megahezi 1920 mpaka 1930. DECT ya Ulaya inatumia 1880 mpaka 1900. Huku kwetu 1920 kwenda juu ni masafa ya 3G, njia ambayo simu za mkononi zinatumia kupeleka mawimbi mnarani. Kwa hiyo ukiongea na shemeji, kwa jirani ni kelele. Na zile za Marekani za zamani za megahezi 900 nazo zinaingia kwenye masafa ya GSM. Ndiyo maana vifaa hivi vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kabla ya kutumika nchini. Irudishe kabatini, mwambie shemeji mwakani atume viatu.

#20 Ipogolo_Stendi

Nimeelewa mzee. Naomba mtu asimwambie jirani.

#21 Kaka_Mkubwa_TZ

Nimetumiwa uzi huu na mtu kazini akiniambia "soma hiki, kinachekesha". Nimefika kwenye ngazi tatu za saruji na kitambaa cha kufuma nikajua. MwanaLoleza, mimi ndiye kaka unayemsema.

Wakuu, tusikilizane pande zote. Sijasema simu itolewe kwa sababu simpendi mama. Nimesema hivyo kwa sababu bili ya laini ile inakuja kwangu, kila mwezi, tangu mzee afariki, na katika miezi mingine haikupigwa simu hata moja kutoka pale, ni ya kupokelea tu. Mtu ananunua kodilesi mara moja anasifiwa. Anayelipa laini kila mwezi hakuna anayemwandikia uzi. Kodilesi bila laini ni pambo. Huo ndio ubaya ambao hakuna mmoja wenu aliyeutaja: unajifunga upya kwenye laini ambayo labda ulikuwa unajiandaa kuiacha.

#22 MwanaLoleza

Shikamoo kaka.

Sikujua kama bili yote ni kwako. Nilidhani mnagawana na dada. Nitakupigia usiku.

#23 ParachichiLaNjombe

Nimekaa kwenye kiti cha mbele kabisa hapa.

#24 FundiMstaafu

Kaka Mkubwa ana hoja nzito, na mimi niliyeishi kwa laini hizo nasema ana hoja. Swali moja: nyumba hiyo laini yake ni ya shaba au mmeshaletewa faiba? Kama ni faiba, ile hadithi yangu ya volti 48 isahauni. Simu inachomekwa kwenye kisanduku kilichopo ndani ya nyumba, kisanduku kinahitaji umeme, na umeme ukikatika ya waya na ya kodilesi zinazima pamoja, mpaka muweke betri ya akiba kwa kile kisanduku. Lakini faida yake ni kwamba mnalipa intaneti na simu inakuja humo humo, kwa hiyo bili ina maana zaidi kwa wajukuu wanaokuja likizo.

#25 Kaka_Mkubwa_TZ

Ni shaba bado mzee. Shikamoo.

#26 Mafinga_Mbao

Mimi ni la betri tu. Humo kwenye mkono kuna betri mbili ndogo, zinafanana kabisa na zile za rimoti. Siku zikichoka, na zitachoka baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu, mtu nyumbani atatoa zile atie za rimoti au za redio kutoka dukani. Usikubali. Zile za kodilesi ni za kuchajiwa, zimeandikwa NiMH na volti 1.2. Za kawaida ni 1.5 na hazichajiwi, kitako kitajaribu kuzichaji na zitavuja. Yetu zilivuja unga mweupe na maji yanayonata, vishikizo vya betri vikaota kutu ya kijani, mkono ukafa. Aliyeweka ni mimi. Andika kwa kalamu ya maki ndani ya mfuniko: ZA KUCHAJI TU.

Na siku ya kwanza iache kwenye kitako usiku kucha, saa 14 hadi 16, kabla ya kuanza kuringa nayo.

#27 Mdadisi_wa_Vwawa

Swali la mwisho kwa walionayo. Mkono ukipotea ndani ya nyumba mnafanyaje? Kitochi unakibipu. Mkono wa kodilesi nao ukipotea?

#28 ParachichiLaNjombe

Kitako kina kitufe, ukikibonyeza mikono yote inalia huko iliko, hata bila mtu kupiga. Kwetu kinatumika kila siku. Mto, mto, mto.

#29 MwanaLoleza

Wakuu, mrejesho, wiki ya tatu sasa.

Tuliongea na kaka na dada. Bili sasa inagawanywa kwa watatu, kaka amepumua. Tukanunua kodilesi ya DECT ya mkono mmoja, yenye namba kubwa, na spika. Nilienda mwenyewe na basi kutoka Dodoma kuifunga. Simu ya mzee imebaki kwenye kitambaa chake kwa kile kigawa laini alichosema mzee Fundi, na kitako nimekipandisha dirishani upande wa jiko la nje. Kutoka pale mpaka banda la kuku ni hatua 31, ukuta mmoja. Inashika. Nyuma ya banda haishiki, nimemchorea mama mstari kwa chokaa kwenye jiwe. Mama anakiita kitako "mama" na mkono "mtoto". Ngurumo zikianza anachomoa vyote, kama nilivyomwonyesha, kisha anamfunika mama kwa kanga.

Hajakimbia ngazi zile tena, hilo nina uhakika nalo.

Sasa jana. Napiga saa tano asubuhi, inalia mara mbili, inapokelewa, na nasikia kabisa kwamba ni ile ya waya, sauti yake nzito naijua. Namuuliza mama, mbona umepokelea sebuleni? Anasema alikuwa anapangusa vumbi hapo hapo. Mtoto yuko wapi? Kimya. "Mtoto sijui. Tangu asubuhi sijamwona."

Nikamwambia alaze mkono wa simu mezani bila kuukata, aende dirishani abonyeze kile kitufe cha kitako, kisha atoke nje asikilize. Nikabaki nasikiliza sebule ya kwetu. Saa ya ukutani. Gari linapita. Ndala zake zinaenda taratibu, mlango wa nyuma unafunguliwa. Kama dakika tatu hivi, vocha yangu inateketea. Halafu kwa mbali sana nikasikia kuku mmoja akipiga kelele kama anachinjwa, na mama anacheka, anacheka mpaka anakohoa.

Alirudi kwenye simu anahema. Asubuhi alipokwenda kuokota mayai alimweka mtoto kwenye kiota ili apate mikono miwili.

"Alikuwa amelaliwa na yule kuku mwekundu," akasema. "Nimemtoa ana joto."